Safari ya Mirihi kwa Dakika Nne

Katika jimbo la Florida, pembe ya kusini-mashariki ya Marekani, iko nyumba moja ambamo watu huingia ili wapelekwe kwenye sayari ya Mirihi. Wanaume kwa wanawake, wakubwa kwa watoto, hupanga mstari mlangoni, hufungiwa ndani ya vyumba vidogo, na baada ya dakika nne hivi za safari hutoka tena kwa mlango mwingine. Nyumba yenyewe haikuondoka mahali pake hata kwa upana wa kidole. Walakini, katika hao watokao, wako wanaocheka na kushangilia, wako wanaoushika ukuta wasianguke, na wako waliokwisha kutapika katika mfuko wa karatasi uliowekwa mbele yao kwa kazi hiyo.

Mtu anayesikia habari hizi kwa mara ya kwanza aweza kuuliza: Je, sinema yaweza kumwangusha mtu mzima? Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba ile si sinema tu. Ni mashine inayoushika mwili wenyewe, damu yake, moyo wake na masikio yake, na kuutwika mzigo wa kweli. Wasomaji wetu wengi ni wazazi, na wengine ni wanafunzi wanaosoma elimu ya maumbile; kwa hiyo tumeona vema kueleza jinsi mashine hiyo inavyofanya kazi, na kwa nini watu wawili waliopanda humo hawakurudi nyumbani kwao.

Tamaa ya kusafiri angani pasipo kuondoka duniani si ya leo. Mwaka 1901, katika maonyesho makubwa ya mji wa Buffalo huko Marekani, watu walilipa ili waingie katika merikebu yenye mabawa, iliyotikiswa huku na huku, wakaonyeshwa picha za nchi ikibaki chini yao, mpaka wakafika eti mwezini. Hapo hapakuwa na elimu kubwa. Merikebu ilitikisika, macho yakadanganyika, watu wakafurahi, basi.

Mwaka 1987, katika bustani ya michezo ya Disneyland huko California, wakaleta jambo lililo bora zaidi. Walikichukua chumba kizima chenye viti 40, wakakisimamisha juu ya miguu ya chuma inayorefuka na kufupika, mfano wa zile mashine zinazowafundisha marubani wa ndege. Ujanja wake ni huu: chumba kikiinuliwa upande wa mbele polepole, na picha ikionyesha kwamba chombo kinakwenda mbio, abiria hajui kwamba ameinamishwa nyuma. Mgongo wake waelemea kiti, naye afikiri ni kwa sababu ya mwendo. Lakini uzito wake ni ule ule aliokuja nao. Miguu ya chuma yaweza kumtikisa na kumwinamisha. Haiwezi kuuongeza uzito wake kwa muda mrefu.

Nyumba ya Florida, iliyofunguliwa mwaka 2003 katika bustani iitwayo Epcot, ndiyo iliyovuka mpaka huo. Jina la mchezo wake ni Mission: SPACE. Ndani mna magurudumu makubwa manne, yamelazwa ubavu, kila moja katika ukumbi wake. Katika kila gurudumu vimefungwa vyumba vidogo kumi, na katika kila chumba huketi watu wanne, bega kwa bega. Mmoja huambiwa kuwa yeye ndiye kamanda, wa pili rubani, wa tatu mwongozaji wa njia, na wa nne fundi wa mitambo. Kila mmoja ana vifungo vyake vya kubonyeza na kioo chake cha kutazama. Mlango hufungwa, viti hulazwa nyuma mpaka miguu yaelekea juu, kama vile wanaanga walazwavyo katika ncha ya roketi. Kisha gurudumu laanza kuzunguka.

Tuseme sasa habari za uzito, maana hapo ndipo penye siri yote. Chukueni ndoo ya maji, mshike mpini wake, mwizungushe kwa nguvu juu ya kichwa. Maji hayamwagiki, ijapokuwa ndoo imepinduka. Yamesukumwa kwenye kitako cha ndoo kwa sababu ya mzunguko. Aliyepata kusafiri juu ya lori lililojaa watu na magunia, dereva akakata kona kwa haraka, aijua nguvu hiyo pasipo kufundishwa: watu wote hulalia upande mmoja, na yule wa pembeni husagwa. Gurudumu la Florida lafanya hivyo hivyo, ila pasipo kukoma. Abiria yu kama maji ndani ya ndoo, na kiti chake ndicho kitako cha ndoo.

Wenye mchezo hufafanua kwamba nguvu hiyo, ikifika mwisho wake, yakaribia mara mbili na nusu ya uzito wa kawaida. Mtu wa kilo 70 ajiona kana kwamba ana kilo 175. Na si mwili kwa jumla tu. Mkono wake umekuwa mzito, ulimi wake umekuwa mzito, mashavu yake yavutwa kuelekea masikioni. Mbavu zake zimekuwa nzito, hata kila pumzi yataka kazi. Damu yenyewe, ile inayopaswa kusukumwa na moyo, imekuwa nzito pia.

Wataalamu wataweza kutujibu kwamba mara mbili na nusu si kitu, na wana sababu. Gari la reli la mchezoni, lile linaloporomoka toka juu ya vilima vya chuma, hufikia mara tatu, hata mara nne, katika bonde lake. Lakini hukaa hapo sekunde moja au mbili, kisha humwachilia mtu. Mwili hustahimili mambo makubwa ya kupita haraka. Tarehe 10 Desemba 1954, daktari mmoja wa jeshi la anga la Marekani, John Stapp, alijifunga juu ya gari la roketi jangwani New Mexico. Likakimbia zaidi ya kilometa 1,000 kwa saa, kisha likasimamishwa katika muda wa sekunde moja na nusu hivi. Alibeba zaidi ya mara 46 ya uzito wake. Mishipa ya macho yake ilivunjika, akapofuka kwa muda, lakini alipona, akaishi mpaka mwaka 1999. Gurudumu la Florida halifanyi jambo kubwa kama hilo. Lenyewe lafanya jambo dogo, lakini ladumu nalo.

Jambo la pili ni upande ambao mzigo watokea. Mtu aliyesimama wima, akiongezewa uzito mara nne au tano, damu humshuka miguuni, ubongo hukosa damu, macho huona giza, naye huzimia. Lakini akilazwa chali, mzigo ukamjia kifuani kuelekea mgongoni, aweza kuvumilia zaidi sana. Hii ndiyo sababu wanaanga hulala chali wanaporushwa, na ndiyo sababu viti vya Florida hulazwa vile vile. Hapo wajenzi walifuata elimu iliyo sahihi.

Elimu hiyo ilinunuliwa kwa jasho. Wanaanga wa kwanza wa Marekani walizungushwa huko Johnsville, jimbo la Pennsylvania, mwishoni mwa mkono wa chuma wenye urefu wa meta 15 hivi, mashine iliyoweza kuwatwika mara 40. Walihitaji mazoezi hayo. Alan Shepard, aliporudi toka angani mwezi wa Mei 1961, alielemewa kwa kama mara 11 ya uzito wake; John Glenn, Februari 1962, kwa karibu mara 8. Vyombo vya baadaye vilikuwa vyepesi zaidi kwa mwili. Ile ndege ya angani ya Wamarekani iliyoruka toka 1981 hata 2011 haikuwatwika abiria wake zaidi ya mara tatu katika kupanda. Lakini hata katika siku zetu mambo huharibika: mwezi wa Aprili 2008 chombo cha Soyuz kilishuka kwa njia iliyo kali kuliko ilivyokusudiwa, na watu watatu waliokuwamo, wawili kati yao wanawake, walibeba zaidi ya mara nane. Mmoja wao, Yi So-yeon wa Korea ya Kusini, alilazwa hospitali kwa maumivu ya mgongo.

Tofauti ni hii. Wanaanga hao wote walikuwa wamepimwa na waganga: moyo, mapafu, damu, macho, mifupa. Waliokuwa na kasoro ndogo tu waliachwa. Kwa mlango wa Florida hupita mtu yeyote aliyenunua tikiti.

Lakini uzito si ndio uwatapishao watu. Hiyo ni kazi ya sikio.

Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya ile ngozi inayopokea sauti, mna mifereji midogo mitatu iliyopinda kama nusu duara, imejaa majimaji. Mmoja walala, na miwili yasimama, kila mmoja ukielekea upande wake. Kichwa kikigeuka, majimaji yabaki nyuma kidogo, yasukuma vinywele vilivyomo, navyo vyaupasha ubongo habari: tumegeuka. Lakini mzunguko ukidumu sawasawa, majimaji yashika mwendo ule ule wa mfereji, na sikio lanyamaza. Kila mtoto aliyecheza kwa kujizungusha uwanjani anajua yanayofuata akisimama ghafula: yeye amesimama, lakini majimaji yangali yakienda, na dunia nzima yamzunguka.

Basi, mtazameni abiria wetu. Yuko katika gurudumu lizungukalo sawasawa. Sikio limenyamaza. Macho yatazama kioo, na kioo chaonyesha roketi ikienda mbele kwa njia iliyonyoka. Ubongo wapokea habari zinazopatana: tunakwenda mbele, tunaelemewa nyuma. Yote ni uongo, lakini ni uongo unaopatana, na mwili watulia. Ole wake akigeuza kichwa amtazame jirani yake. Mara ile mfereji mmoja watoka katika mzunguko na mwingine waingia, majimaji yatibuka, ubongo waambiwa kwamba mwili wapinduka kichwa chini miguu juu, hali macho yasema kwamba hapana kilichopinduka. Tumbo ndilo linaloamua ugomvi huo. Aliyepata kuvuka ziwa siku ya mawimbi, amefungiwa chini ndani ya meli, pasipo dirisha la kutazama nje, hahitaji maelezo zaidi.

Kwa hiyo abiria wa Florida huagizwa mambo mawili kabla ya kuanza: wasifumbe macho, wala wasitazame pembeni. Watu wengi, wakianza kujisikia vibaya, hufanya yote mawili. Ni desturi ya binadamu kufumba macho akiogopa. Na mzazi atawezaje kukaa dakika nne bila kugeuka amwone mtoto wake aliye kando? Sisi twaona kwamba agizo hilo ni jepesi kwa kijana aliyekuja kujifurahisha, bali kwa mama mwenye mtoto ni gumu kuliko safari yenyewe.

Wala tusidhani kwamba ugonjwa huo ni wa watu dhaifu. Mrusi Gherman Titov, rubani wa jeshi mwenye afya ya chuma, aliizunguka dunia mara 17 mwezi wa Agosti 1961, naye ndiye mtu wa kwanza aliyeugua kichefuchefu angani. Baada yake wameugua wengi. Angani sikio halijui tena chini ni wapi, na siku za kwanza huwa ngumu hata kwa walio hodari.

Hali ile ya kutokuwa na uzito haiwezekani kufanywa na gurudumu lolote duniani. Florida wana hila yao: baada ya kuwaelemea watu kwa sekunde nyingi, hupunguza mzunguko upesi, na mwili uliokwisha kuzoea kilo 175 warudi katika kilo 70 zake. Mtu ajisikia mwepesi, karibu kuelea, kama mchukuzi aliyetua gunia lake ajisikiavyo hatua za kwanza. Anayetaka jambo lenyewe hana budi kuanguka. Wamarekani huwafundisha wanaanga wao katika ndege ipandayo sana, kisha ishukayo kwa njia ya upinde. Waliomo huelea kwa sekunde 20 au 25, tena na tena. Wenyewe waliipa ndege hiyo jina la mzaha linalotaja matapishi.

Hapa twakumbuka jambo lililotokea kwa jirani zetu, kusini mwa Katanga. Mwaka 1964, Zambia ikipata uhuru wake, mtu mmoja aitwaye Edward Makuka Nkoloso, aliyekuwa mwalimu na tena askari katika vita vikuu vya pili, aliwakusanya vijana karibu na Lusaka, pamoja na msichana Matha Mwamba, akatangaza kwamba atawapeleka mwezini na Mirihi. Aliwatia ndani ya pipa la mafuta na kuliviringisha mlimani. Aliwabembeza kwa kamba ndefu, na walipofika juu aliikata, waanguke. Waandishi wa magazeti ya Ulaya na Marekani walimcheka sana. Fedha alizoziomba hakuzipata, na safari haikufanyika. Cheko lao tunalielewa, maana roketi hakuwa nayo. Lakini msomaji aliyetufuata mpaka hapa ataona kwamba pipa liliyavuruga majimaji ya sikio kwa haki kabisa, na kwamba kamba ilipokatwa, yule kijana, kwa nukta moja, hakuwa na uzito, sawasawa na wale wa katika ndege. Miaka 39 baadaye watu wakawa wanalipa fedha ili watikiswe na kuzungushwa, wala hakuna aliyewacheka.

Sasa yatupasa kusema yaliyo mazito.

Mwezi wa Juni 2005, mtoto wa kiume wa miaka minne alipanda katika mchezo huo pamoja na mama yake. Urefu wake ulitosha; alama ya kipimo mlangoni alikuwa ameifikia. Katikati ya safari alizimia, na alipofikishwa hospitali akafa. Wakaguzi waliichunguza mashine, wakaikuta haina kasoro, ikafunguliwa tena. Baada ya miezi kadhaa waganga walioupasua mwili walitoa neno lao: mtoto alikuwa na ugonjwa wa moyo, nyama ya moyo iliyonenepa kupita kiasi, ugonjwa usiojulikana na mtu yeyote katika nyumba yake. Mwezi wa Aprili 2006, mwanamke wa miaka 49, mgeni kutoka Ujerumani, alitoka katika mchezo akiwa mgonjwa, naye akafa hospitali. Alivuja damu katika ubongo. Waganga waliona kwamba alikuwa na shinikizo kubwa la damu la siku nyingi.

Hatusemi kwamba mashine iliwaua, maana waganga wenyewe walizitaja sababu zilizokuwamo ndani ya miili yao. Lakini hesabu zilizotangazwa baadaye zaonyesha ya kuwa mzigo ulikuwa wa kweli: katika mwaka mmoja, toka Juni 2005 hata Juni 2006, watu 194 walihudumiwa na wauguzi baada ya kupanda, walio wengi kwa kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika, lakini 25 miongoni mwao walikuwa wamezimia, na wengine walilalamika maumivu ya kifua. Ukilinganisha na mamilioni waliopanda, ni wachache mno. Mbele ya mzazi mmoja, hesabu ya mamilioni haina maana.

Mlangoni palikuwa na maonyo tangu mwanzo, tena mengi: mwenye ugonjwa wa moyo asipande, mwenye shinikizo la damu asipande, wala mwenye maumivu ya mgongo au shingo, wala mjamzito. Twayasifu maonyo hayo. Ila onyo humfaa mtu anayejua ugonjwa wake. Shinikizo la damu halina jeraha wala homa. Mtu aweza kutembea nalo miaka kumi, akilima, akicheza ngoma, akipanda ngazi, pasipo kujua. Mpira wa kupimia, ule afungwao mkononi mtu aendapo zahanati, ndio peke yake uwezao kumwambia, na kazi hiyo huchukua muda mfupi kuliko safari ya Mirihi. Habari ya mtoto yule ni ngumu zaidi. Moyo wa namna hiyo mara nyingine hujulikana kwa kusikilizwa na mganga, au kwa mtoto kuzimia akikimbia, au kwa sababu ndugu wa ukoo amekufa ghafula akiwa kijana. Na mara nyingine hautoi dalili yoyote.

Mwezi wa Mei 2006 wenye bustani waligawanya mchezo wao. Baadhi ya vyumba viliachwa vikizunguka kama zamani. Hivyo vikapewa rangi ya machungwa. Vingine vikapewa rangi ya kijani, gurudumu lao likasimamishwa, vikabaki kuinama na kutikisika tu, kama ile mashine ya mwaka 1987. Mwaka 2017 picha za kijani zilibadilishwa: abiria wake hawaendi tena Mirihi, huizunguka dunia na kuitazama kutoka juu.

Hivi leo, kila afikaye huchagua rangi yake kabla ya kuingia. Kwa machungwa mtoto hana budi kufikia sentimeta 112, na kwa kijani sentimeta 102. Mtumishi asimama na kijiti cha kupimia, amweka mtoto kando yake, atazama juu ya kichwa. Urefu ndio kitu pekee cha mwili kinachopimwa mlangoni. Umri, moyo na damu vyaachwa kwa mzazi, na kwa kibao cha maonyo kilicho ukutani.